Dodoso, hadithi au kupanga kazi upya? Njia nne za kumtumia mfanyakazi kwa nguvu zake, kwa wenye kazi wa Lubumbashi

Hapa Lubumbashi, Kongo, mwenye depo ya saruji katika komini (mtaa) ya Kenya, mwenye famasi katika komini ya Kamalondo, mwenye kampuni ndogo inayopewa kazi na migodi: wote wakishasikia kwamba mtu hufanya vizuri zaidi pale anapotumia kile alichojaliwa, huuliza maswali mawili. Nitakijuaje? Na itanigharimu pesa ngapi?

Njia zipo nyingi. Hapa nazilinganisha nne ambazo mtu wa Lubumbashi anaweza kuzitumia kweli. Mbili ni madodoso ya kwenye intaneti, CliftonStrengths na VIA. Ya tatu ni kukusanya hadithi kwa watu wanaomfahamu mfanyakazi. Ya nne ni mfanyakazi na shefu wake kukaa pamoja na kupanga upya sehemu ya kazi yake. Msimamo wangu nausema mapema: pale penye watu wachache, na hasa kama wengi wao hawafanyi kazi za mezani, anza na hadithi, kisha upange kazi upya. Madodoso yana mahali pake, nitaeleza ni wapi.

Kwanza niseme kwa nini jambo hili linagusa mji wetu kuliko miji mingine. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910 na ikakulia kando ya tanuru za Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba shaba, ambayo mwaka 1967 ilitaifishwa na baadaye ikaitwa Gécamines. Kwa vizazi kadhaa mfanyakazi alikuwa na matrikule yake (namba ya kazini), daraja lake na kazi aliyopangiwa; shule ya watoto, hospitali na unga wa mwezi vilitoka hukohuko. Mfumo ule ulilea familia nyingi na siudharau hata kidogo. Lakini ulituachia mazoea ya kudhani kwamba kazi hupangwa juu, na mtu huingizwa ndani yake alivyo au asivyo. Mwaka 2003, wafanyakazi wapatao 10,000 walipoondoka Gécamines kwa mpango wa kuacha kazi kwa hiari uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wengi walilazimika kujiuliza wakiwa na umri mkubwa: mbali na hiki nilichofanya miaka yote, naweza nini kingine? Wengine walishika mashamba, wengine biashara ndogondogo. Swali lile lilistahili kuulizwa wakiwa bado kazini, na mtu anayewalipa mshahara.

Madodoso mawili

CliftonStrengths ilitokana na kazi ya Donald Clifton, mwanasaikolojia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nebraska, Marekani, na inauzwa na kampuni ya Gallup. Mtu anawekewa jozi 177 za sentensi, na kwa kila jozi ana sekunde 20 za kusema ni ipi inayomfanana. Mwishoni anapewa vipawa vyake vitano vya kwanza kati ya 34. Akitaka kuona vyote 34 kwa mpangilio, anaongeza pesa. Malipo ni kwa karte ya benki, kwenye intaneti, na kila mtu analipiwa lake.

VIA iliundwa na Christopher Peterson na Martin Seligman, wanasaikolojia wa Marekani, ambao mwaka 2004 walitoa orodha ya nguvu 24 za tabia, zikiwa zimepangwa chini ya fadhila sita: hekima, ujasiri, utu, haki, kiasi, na zile zinazomwinua mtu juu ya nafsi yake kama shukrani na matumaini. Kujibu ni bure. Yote mawili yanapatikana kwa Kifaransa.

Tofauti yao kubwa, ukiacha bei, ni mahali yanapotazama. CliftonStrengths inatazama kazi: huyu ni mtu wa kumaliza alichoanza, huyu wa kupanga, huyu wa kuvuta wengine wamfuate. VIA inatazama tabia: uvumilivu, udadisi, haki, ucheshi, kusamehe. Shefu wa ofisi anayetaka kugawa kazi kati ya wahasibu wake ataielewa CliftonStrengths haraka zaidi. Mfanyakazi anayetaka kujijua ataguswa zaidi na VIA, maana uvumilivu na kusamehe ni maneno anayoyasikia kanisani kila Jumapili na tayari ana picha yake kichwani.

Shida yao hapa kwetu haianzii kwenye pesa. Inaanzia kwenye zile sekunde 20. Mtu aliyezoea Kiswahili cha nyumbani na Kibemba cha bibi yake, anayesoma Kifaransa polepole kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, huku mega za intaneti zinakwisha, hatajibu kile alicho. Atajibu kile alichowahi kukisoma. VIA haimharakishi hivyo, kwa hiyo upande huu ni bora, ila bado inadai mtu anayesoma bila kuhangaika.

Halafu kuna jambo la ukweli wa majibu. Madodoso yote mawili yanamwuliza mtu juu yake mwenyewe. Akijua kwamba majibu yatafika kwa mwenye kazi, atachagua sentensi zinazompendeza mwenye kazi. Hilo si uongo wa mtu mbaya. Ni hesabu ya mtu mwenye watoto wa kulisha. Ndiyo maana nasisitiza kwamba karatasi ya majibu ibaki kwa mfanyakazi, naye aseme mwenyewe anachotaka kusema. Tena usiyatumie kuchagua nani aajiriwe: Gallup yenyewe inasema dodoso lake halikuundwa kwa kazi hiyo.

Wapo wanaoniuliza juu ya MBTI, dodoso lile linalogawa watu katika aina 16. Kwa kazi hii ningeiacha. Wengi wakiirudia baada ya majuma machache hujikuta wamehamia aina nyingine, na kumwambia mtu yeye ni wa aina gani hakumwonyeshi shefu kazi ya kumpa kesho.

Lipo jaribio moja ambalo kila mwenye kazi anapaswa kulijua kabla hajatoa hata dola moja. Mwaka 2005 Seligman na wenzake walichapisha utafiti wa watu waliojitolea kupitia intaneti. Kundi moja lilijibu dodoso, likaambiwa nguvu zake kuu, kisha likatakiwa kutumia mojawapo kwa namna mpya kila siku kwa juma zima. Kundi jingine lilitakiwa tu kuzitambua nguvu zake na kuzitumia zaidi kama kawaida. Wale wa kundi la kwanza walikuwa na furaha zaidi na dalili chache za huzuni, na hali hiyo ilionekana hata baada ya miezi sita. Kwa wale wa kundi la pili nafuu ilikuja na kupita. Kwa hiyo kujua peke yake hakukai. Kinachokaa ni kile mtu anachobadilisha katika siku yake, na dodoso lolote, la bure au la kulipia, linaishia kabla ya hapo.

Hadithi za watu wanaomfahamu

Njia hii ilipewa umbo katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, na watafiti akina Robert Quinn, Jane Dutton, Gretchen Spreitzer na Laura Morgan Roberts, walioieleza kwa wenye kazi mwaka 2005. Mtu anawaomba watu kati ya kumi na ishirini wanaomfahamu, wa kazini na wa nje ya kazi, wamsimulie nyakati walizomwona akiwa katika ubora wake. Anazikusanya hadithi zile, anatafuta kinachojirudia, kisha anaandika picha yake mwenyewe.

Kwa Lubumbashi naiona kama imeshonwa kwa vipimo vyetu. Watu wetu wanafahamiana nje ya kazi kuliko mwenye kazi anavyodhani. Kuna likelemba, yaani mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, ambako mtu anayeshika pesa za wenzake hakuchaguliwa kwa bahati. Kuna kwaya. Na kuna kilio, yaani msiba. Nenda kwenye kilio uangalie nani anafanya nini, na utajifunza juu ya wafanyakazi wako mambo ambayo ofisi haitakuonyesha.

Nimemwona mlinzi wa lango, mtu ambaye kazini hakuna aliyewahi kumwuliza kitu isipokuwa ufunguo, akiongoza kilio cha mwenzake tangu usiku wa kwanza. Alishika daftari la michango. Alijua nani ametoa franka, nani ametoa dola, nani ameleta mfuko wa unga, na ni nani wa ukoo ambaye lazima asikilizwe kabla hajakasirika. Viti vya kukodi vilifika, bukari (ugali) na samaki vikatosha, na familia ya mke na ya mume hazikugombana. Jumatatu iliyofuata alirudi langoni kufungua na kufunga. Mwenye kazi alikuwa akitafuta mtu wa nje wa kusimamia magari ya kupeleka mali Kasumbalesa, mpakani, kazi ambayo ni daftari, muda na kuelewana na watu wagumu.

Namna ya kuuliza ndiyo inayoleta au kuua matokeo. Ukiuliza "Fulani ana nguvu gani?" utajibiwa "Ni mtu muzuri, hana maneno mingi," na hapo hujapata kitu. Uliza hivi: "Nielezee siku moja uliyomwona akifanya kitu ukasema, hapa sasa kweli amekiweza. Ilikuwa wapi? Alianza kufanya nini?" Pokea majibu kwa sauti kwenye WhatsApp, kwa Kiswahili, Kibemba, Kiluba au chochote mtu anachokisema bila kutafuta maneno. Gharama ni mega tu na uvumilivu wa juma moja au mawili.

Ina udhaifu wake, na si mdogo. Ndugu wa ukoo mmoja watasifiana. Mgeni aliyeingia kazini juzi hana hadithi. Mkimya naye anapotea. Linaloniuma zaidi ni hadithi zinazosimuliwa juu ya wanawake: mara nyingi zinasifu uvumilivu na upole wa mama fulani, na kuruka kwamba ni yeye aliyegundua hesabu ya depo haifungi. Kwa hiyo usiishie kwa wafanyakazi wenzake. Waulize wateja, dereva anayeleta mali, jirani wa meza sokoni. Na ukiona hadithi zote za mtu zinasema upole, uliza tena: siku kulipokuwa na tatizo la pesa au la mashine, alifanya nini?

Kupanga kazi upya

Watafiti Amy Wrzesniewski na Jane Dutton waliandika juu ya njia hii mwaka 2001, baada ya kuwasikiliza wasafishaji wa hospitali moja Marekani. Wote walikuwa na kazi ileile kwenye karatasi. Baadhi walifagia na kuondoka. Wengine walizungumza na wagonjwa, wakapanga usafi kufuatana na mahitaji ya wauguzi na wagonjwa, wakaiona kazi yao kuwa sehemu ya kumponya mtu. Hakuna aliyewatuma. Watafiti hao walionyesha kwamba mtu anaweza kubadilisha mambo matatu ndani ya kazi yake: anachokifanya, anaohusiana nao, na jinsi anavyoielewa kazi yenyewe.

Ukiilinganisha na njia tatu za kwanza, hii ndiyo pekee inayogusa siku ya kazi moja kwa moja. Lakini ukiianza bila kujua nguvu za mtu, inageuka kuwa kila mmoja kukwepa asichokipenda. Ndiyo sababu naitanguliza hadithi.

Mfano wa depo moja ya vifaa vya ujenzi. Kijana mmoja alikuwa akibeba mifuko ya saruji kwa sababu hakumaliza sekondari. Hadithi za wenzake zilirudia jambo moja: mteja akirudi baada ya miezi miwili, kijana huyu anakumbuka nyumba yake iko Katuba au Ruashi, imefika wapi, na alichukua chuma ngapi za milimita 12. Wakakubaliana kwamba asubuhi mbili kwa juma akae na simu ya depo awapigie wenye nyumba ambazo hazijaisha. Nilimsikia mwenyewe, akiuliza kama zege limeshamwagwa: "Papa, dale mulisha kumwanga? Na saruji yenye ilibaki, itatosha kweli?" Hakuuza chochote katika simu ile. Alisikiliza, akaandika, akaahidi kurudi Ijumaa. Wateja waliokuwa wakimalizia manunuzi mahali pengine wakaanza kurudi.

Wenzake walinung'unika, na walikuwa na haki. Asubuhi zile mbili, nani abebe mifuko yake? Hapo ndipo mipango mingi ya namna hii inapovunjika, kwa sababu mwenye kazi anaona kipawa kimoja na kusahau mgongo wa mtu mwingine. Walilimaliza kwa yeye kuchukua zamu ya jioni ya kupakua lori, na mwenye depo akampandishia mshahara baada ya miezi michache. Bila hayo mawili, ningewashauri waache.

Hakuna kupanga upya katika mambo ya usalama na ya pesa. Fundi umeme ana hatua za kufuata hata kama kipawa chake ni ubunifu. Anayeshika pesa hujumlisha jioni, awe anapenda namba au hapendi. Udhaifu wa aina hiyo unafundishwa au unawekewa mtu wa pili wa kuhakiki, haufunikwi kwa kusema "yeye nguvu zake ziko kwingine."

Na kuna hatari ya upande wa pili: kumchosha anayeweza. Dada anayejua kutuliza wateja wenye hasira akipelekewa kila mteja mwenye hasira, kuanzia saa mbili asubuhi hadi jioni, ile nguvu itageuka adhabu. Mwulize kila mwezi kama bado anaitaka. Mkataba nao uangaliwe. Sheria ya Kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 inaweka saa 45 kwa juma, na majukumu mapya hayafuti kikomo hicho. Kama kazi imebadilika kiasi cha kutofanana na iliyoandikwa, iandikwe upya na daraja lifuate.

Sasa uchague ipi

Ofisi ya wahasibu, benki, shirika, shule: watu wanasoma Kifaransa kila siku na wana kompyuta. Anzeni na VIA kwa kuwa ni bure. Nunueni CliftonStrengths ikiwa tu mmeshatenga saa za shefu kuketi na kila mtu baada ya majibu kutoka. Nimeona pesa zikilipwa kwa timu nzima, karatasi zikabandikwa ukutani, na hakuna jukumu hata moja lililohama. Pesa zile zingefanya kazi kubwa zaidi kama zingelipia saa za mazungumzo.

Garaji, depo, famasi, mgahawa, kikosi cha walinzi: hadithi, kisha kupanga upya. Usianze na wote. Anza na watu watatu ambao unahisi wamekaa mahali pasipowafaa, mmoja wao awe mtu unayefikiri kumwachisha kazi. Huyo wa mwisho ndiye atakayekuonyesha kama njia inafaa.

Kampuni inayofanyia migodi kazi iko katikati. Kwenye eneo la mgodi taratibu za usalama zimefungwa na mteja, kwa hiyo usimpe fundi matumaini ya kubadilisha hatua za kazi. Badilisha anaohusiana nao: nani anafundisha wapya, nani anazungumza na mteja asubuhi, nani anaandika ripoti. Nafasi ya kumwona mtu vizuri ni kipindi cha majaribio, ambacho kwa sheria hakivuki miezi sita, na kwa kibarua asiye na ujuzi maalumu ni mwezi mmoja. Shefu wengi hukitumia kutafuta makosa tu. Waombe waandike pia, kila juma, jambo moja ambalo mgeni alilifanya bila kuelekezwa.

Ukiwa na mfanyakazi mmoja au wawili, dodoso na hadithi za watu ishirini ni mzigo. Kaeni chini, mwulize ni saa zipi za juma lililopita zilizopita bila yeye kuhisi, na zipi zilimburuta. Badilisheni jambo moja, mwangalie baada ya mwezi.

Mwenye kazi mwenyewe naye apimwe, na kwake sipendekezi dodoso, kwa kuwa hakuna anayethubutu kumpinga akijisifu. Peter Drucker, mwandishi maarufu wa mambo ya uongozi wa kazi, alipendekeza njia ya daftari: ukifanya uamuzi mkubwa, andika unachotarajia kitokee, baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili, linganisha na kilichotokea. Mwenye famasi mmoja wa hapa alilifuata hilo. Katika kurasa zake, maamuzi ya kununua dawa, ya kiasi gani na kwa nani, yalikuwa yametimia karibu yote. Maamuzi ya kuajiri yalikuwa yamekwenda kombo, moja baada ya jingine. Sasa anayekuja kuomba kazi huketi kwanza na dada wa kaunta, na mwenye famasi amebaki na orodha zake za manunuzi.